Laptopu haishiki Wi-Fi? Tafuta kwanza njia ilipokatikia

Siku tatu mfululizo nilikwenda maktaba na kurudi bila kazi niliyoifuata. Nyumbani laptopu yangu ilikuwa inaingia mtandaoni bila shida yoyote, lakini nikifika pale inakwama: alama ya Wi-Fi imejaa, jina la mtandao lipo, chini yake imeandikwa kwamba nimeunganishwa, na hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Walioketi meza ya jirani kazi zao zinakwenda. Nikafuta draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa cha Wi-Fi, nikaiweka upya. Nikauondoa mtandao ule kwenye orodha nikaunganisha tena. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuhamisha mafaili ili nisafishe mashine yote na kuweka Windows upya. Kumbe chanzo kilikuwa mstari mmoja wa tarakimu nilioujaza mwenyewe miezi kadhaa nyuma. Nitaufikia huko mbele, maana ndio ulionifundisha kutogusa kitu kabla sijajua njia imekatikia wapi.

Watu wakisema "haishiki Wi-Fi" huwa wanazungumzia matatizo yasiyopungua manne. Kuna laptopu isiyoona mtandao wowote. Kuna inayouona lakini inakataliwa nenosiri. Kuna inayokubaliwa mlangoni lakini haipewi anwani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao. Na kuna iliyoingia, ina anwani, ila intaneti haipiti. Dawa ya moja haitibu nyingine, na ndiyo maana ushauri wa kuokoteza unachosha.

Kwa hiyo anza na simu. Zima data, unganisha simu na Wi-Fi ileile inayokusumbua, kisha fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Simu nayo ikikwama, iache laptopu, tatizo liko kwenye ruta au kwa anayekuletea intaneti. Chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, irudishe, uipe dakika mbili tatu iamke. Simu ikipita, fanya jaribio la pili: washa hotspoti ya simu na uiunganishe laptopu huko. Ikikubali, basi kifaa chake cha Wi-Fi ni kizima, na ugomvi ni kati yake na mtandao ule mmoja tu. Dakika tano hizi zingeniokolea siku tatu.

Ikiwa laptopu haioni mtandao wowote, tazama hali ya ndegeni (Airplane mode, inayozima mawasiliano yote yasiyo ya waya), kisha kibodi. Mashine nyingi zina kitufe chenye picha ya ndege au mnara katika safu ya juu, na mkono ukiteleza Wi-Fi inazimika bila wewe kujua. Baadhi ya laptopu za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Baada ya hapo iwashe upya, na hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: katika Windows 10 na 11, kuizima mara nyingi hakumalizi kila kitu, kwa sababu mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake ili uwake haraka kesho. Draiva iliyokwama jana inaweza kuamka ikiwa imekwama vilevile. Chagua Restart, siyo Shut down.

Ikibaki hivyo, fungua Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa vya kompyuta, uangalie orodha ya vifaa vya mtandao. Alama ya njano kando ya kifaa cha Wi-Fi inamaanisha draiva ina hitilafu. Utajiuliza utapakuaje draiva mpya bila intaneti: chomeka simu kwa waya wa USB na uruhusu ishiriki intaneti yake kwa njia hiyo. Na kama Wi-Fi hupotea kila laptopu inaposinzia, bofya kifaa hicho mara mbili, nenda kwenye sehemu ya umeme, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa chaji. Si kila mashine inaionyesha sehemu hiyo, lakini palipo nayo imenisaidia zaidi ya mara moja.

Je, inaiona mitandao ya majirani lakini siyo wako? Ruta nyingi hutangaza kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na laptopu ya zamani huenda inasikia ya kwanza pekee. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uhakikishe GHz 2.4 imewashwa. Ukiwa humo tazama pia aina ya ulinzi: ruta iliyowekwa WPA3 tupu, ulinzi mpya kuliko WPA2, inaweza kuikataa laptopu ya miaka mingi, na hali mchanganyiko ya WPA2 na WPA3 humaliza tatizo.

Kuhusu nenosiri sina mengi. Bonyeza alama ya jicho uone unachoandika, tofautisha herufi O na sifuri, na kama nenosiri la ruta limebadilishwa, uondoe mtandao kwenye orodha ya laptopu ndipo uunganishe upya.

Tatizo la anwani ndilo lisilojulikana na wengi, na ndilo rahisi kulitambua. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, ubonyeze Enter. Tafuta mstari wa IPv4. Nyumbani kwa kawaida utaona kitu kama 192.168.1.23. Ukiona namba inayoanza na 169.254, umepata jibu. Anwani hiyo haikutoka kwa ruta. Laptopu iliomba anwani, ikasubiri, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Imefika mlangoni ikakaa hapo, na ndiyo sababu alama ya Wi-Fi imejaa lakini hakuna kinachopita. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Isiposaidia, washa upya ruta, kwani huenda imekwama au imegawa anwani zote ilizowekewa, hasa palipo na vifaa vingi.

Anwani ikiwa sawa, fuata njia hatua kwa hatua. Katika dirisha lilelile andika ping, amri ya kubisha hodi na kusubiri jibu, kisha namba iliyo mbele ya Default Gateway, ambayo ni ruta yako. Majibu yakirudi, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Nayo ikijibu, intaneti inafika kwako. Sasa andika ping ukifuatisha jina la tovuti yoyote unayoijua. Namba ikikubali na jina likashindwa kutafutwa, lawama ni ya DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Baadhi ya mitandao ya umma huzuia ping makusudi, kwa hiyo jaribio hili liamini zaidi nyumbani.

Nirudi maktaba. Wi-Fi nyingi za umma zina ukurasa wa kuingilia, ambapo unakubali masharti au unaandika namba uliyopewa. Kabla hujapita hapo, mtandao hukufungia kila kitu. Ukurasa wenyewe hujileta kwa ujanja: unapoomba tovuti yoyote, mtandao hukukamata na kukupeleka kwake. Mimi, kwa kufuata ushauri wa kuharakisha intaneti, nilikuwa nimejaza 8.8.8.8 kama DNS ya kudumu. Kila mara laptopu ilipouliza "tovuti fulani iko wapi", swali lilielekezwa kwa seva ya nje, na maktaba ilikuwa imeziba njia ya nje mpaka niingie. Jibu halikuja, ukurasa wa kuingilia haukuja, nami nikawa nalaumu draiva. Nyumbani hakuna ukurasa wa namna hiyo, ndiyo maana huko yote yalikuwa shwari. Nilirudisha mipangilio ya DNS iwe ya kujipatia yenyewe, nikafungua kivinjari, na ukurasa ukatokea papo hapo.

Ikikupata hali hii, kagua DNS, na zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri) hadi utakapoingia, maana nayo huficha maswali yako usiyotaka yafichwe wakati huo. Kisha andika kwenye kivinjari neverssl.com. Tovuti hiyo haitumii HTTPS, ile njia salama ya kufungua tovuti, na hilo ndilo tunalolihitaji: anwani ya HTTPS haikubali kuelekezwa kwingine kimyakimya, kivinjari huona cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, si cha tovuti uliyoiomba na kukataa. Anwani ya HTTP ya kawaida inakubali, na ukurasa wa kuingilia hupata upenyo.

Tazama pia saa ya kompyuta. Vyeti vya tovuti vina tarehe za mwanzo na mwisho, kwa hiyo mashine inayodhani tuko miaka mitano nyuma itakataa karibu kila tovuti ingawa Wi-Fi ni nzima. Saa ikirudi nyuma kila unapozima, betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu imechoka, na si ghali kuibadilisha.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa kila ninayemsaidia: usijiunge na mtandao wa umma kwa kufanana tu kwa jina. Muulize mhudumu jina kamili, na ukurasa wa kuingilia ukikudai nenosiri la barua pepe yako, funga uondoke. Mtu yeyote anaweza kuutangaza mtandao wake kwa jina la mahali ulipo.

Kuweka upya mipangilio yote ya mtandao, ambako wengi huanzia, mimi hukuacha mwisho. Windows inayo njia hiyo katika mipangilio ya mtandao, lakini inafuta nenosiri za Wi-Fi zote ulizohifadhi pamoja na VPN, kwa hiyo ziandike kwanza.

Na kama laptopu inashika ikiwa tu imekaa kando ya ruta, ukisogea hatua chache inaachia, jiulize kama imefunguliwa na fundi hivi karibuni. Antena za laptopu nyingi ziko kwenye fremu ya kioo, na nyaya zake mbili nyembamba hupita kwenye bawaba hadi kwenye kadi ya Wi-Fi, ambako hubanwa kwa vifungo vidogo kuliko punje ya mchele. Kifungo kimoja kikiachwa wazi, kadi inafanya kazi lakini karibu haisikii. Mwambie fundi aangalie hapo kabla hajakuuzia kadi mpya.