Jibu: Mionzi ya mawe ya Osukuru

Ndugu, umeuliza kama kuishi chini ya vilima vya Osukuru, huko Tororo, Uganda, kunaleta saratani kwa sababu ya mionzi ya mawe. Miamba ile ya fosfeti (madini ya kutengenezea mbolea) ina kidogo thoriamu na urani, metali zenye mionzi, kwa hiyo mionzi ipo. Lakini ipo kila mahali: wastani wa dunia ni kama milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 2.4 kwa mwaka, na hata matoke yana potasiamu yenye mionzi (usiyaache, tafadhali!). Huko Kerala, India, watu wanaishi kwenye mchanga wa thoriamu wakipata mara kadhaa ya kiwango hicho, na waliofuatiliwa miaka mingi hawakuonekana kupata saratani zaidi kwa ajili yake.

Mimi ningehofia nyumba kuliko mlima. Gesi ya radoni hutoka ardhini, hupenya nyufa za sakafu na kujikusanya ndani. Karibu nusu ya mionzi ya asili tunayopata ni yake, na kwa kuleta saratani ya mapafu inaifuata sigara. Mvutaji ndiye anayeumia zaidi.

Ziba nyufa kwa saruji. Na yale matundu ya hewa juu ya dirisha mnayoyaziba kwa magazeti kuzuia mbu, yazibue gesi itoke, uweke wavu.