Lango la shamba la chumvi limeganda, tuligonge?

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna shamba la chumvi hapa Bagamoyo. Lango la chuma la kuingizia maji ya bahari tulirithi kwa babu. Linapandishwa kwa mhimili wenye hesi, yaani meno ya kuzunguka kama ya skrubu, juu kuna usukani wa kuzungusha. Mwaka wa pili sasa halitikisiki. Tumeshauriwa tulipashe moto kisha tuligonge kwa nyundo. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyundo iweke kwanza. Usukani wa malango ya zamani mara nyingi ni chuma cha kusubu, kile tunachokiita kasti. Hakipindi, hupasuka. Niliwahi kuuvunja mmoja kwenye shamba la mkonge huko Tanga, kwa pigo moja tu: mkono wa usukani ukakatika, ndani kijivu, chembechembe tupu. Nimeujutia hadi leo.

Wengi hukimbilia mafuta. Lakini hapo kutu imeshikana na chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Funga tambara kuzunguka nati inayopitiwa na mhimili, ulilowanishe kwa maji matamu ya uvuguvugu kutwa nzima. Pakikauka, tia dizeli iliyochanganywa na oili asubuhi na jioni, siku tatu au nne. Kisha zungusha kidogo kama unafunga, rudi kama unafungua, robo kwa robo. Ukisikia inakwaruza, simama, tia tena mafuta.

Ikishatoka, itazame nati yenyewe, maana ndiyo iliyotengenezwa iliwe badala ya mhimili. Ikwangue kwa msumari. Ukiona wekundu wa shaba tupu, laini kama sponji, ujue ilikuwa shaba ya njano na maji ya bahari yameshaila zinki yake. Hiyo haina dawa. Karakana ikuchongee mpya ya shaba iliyochanganywa na bati, na uwapelekee mhimili wenyewe wapimie hesi, usiwatajie vipimo kwa mdomo. Meno ya mhimili yakiwa bado yana mabega ya mraba, usiubadilishe. Usugue kwa brashi ya waya, upake grisi ya baharini.

Kazi yote ifanye siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, na uzibe mfereji kwa mbao na udongo kabla hujafungua bolti ya kwanza. Bamvua, yaani bahari ikijaa sana, likikukuta nati iko karakana, maji yatajiingilia yenyewe na chumvi iliyokwisha kuganda itayeyuka yote.