Kijana wa miaka 23, kifua kinauma na kuacha: je, ni moyo?

Swali: Dokta, jambo. Mimi ni kijana wa miaka 23, ninaishi Ndosho, hapa Goma, na kazi yangu ni kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tangu miezi mitatu kifua kinaniuma upande wa kushoto, karibu na mfupa wa katikati. Maumivu yanakuja, yanakaa dakika kadhaa, pengine saa nzima, yanaondoka, kisha kesho yake yanarudi. Sikohoi wala sina homa. Usiku mwingine kifua kinawaka nikiisha kula na kulala. Jirani anasema ni ugonjwa wa moyo. Ninameza diklofenaki ya farmasi kila siku, lakini nafuu haidumu. Moyo wangu ni mgonjwa?

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ninaielewa. Hata hivyo, kwa vijana wa umri wako, maumivu ya kifua yanayokuja na kuondoka mara nyingi hayatoki moyoni, bali kwenye misuli, mbavu, umio (njia ya chakula kwenda tumboni) au mapafu. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini barua yako inanipa pa kuanzia.

Ninaanza na kazi yako. Anayepandisha chukudu yenye mbao au magunia ya makala (makaa) huinama mbele, hunyoosha mikono na kuusukuma uzito wote kwa mabega na kifua, huku kila jiwe la lava linalogongwa na gurudumu likimrudia mikononi. Mbavu zimeunganishwa na mfupa wa katikati wa kifua kwa gegedu, yaani mifupa laini, na gegedu hizo zikivutwa siku baada ya siku huweza kuuma kwa wiki nyingi, hata miezi, bila uvimbe wowote unaoonekana kwa macho. Keti, kisha bonyeza kwa ncha ya kidole kando ya mfupa huo, ukishuka ubavu kwa ubavu kuanzia wa pili hadi wa tano. Ukifika mahali ambapo maumivu yaleyale uliyoyazoea yanaamka, na kama yanazidi pia unapovuta pumzi ndefu au unapojizungusha kiwiliwili, basi hicho ndicho chanzo ninachokidhania zaidi.

Kifua kuwaka usiku ni jambo jingine, na ninaona linafanana na kiungulia, yaani asidi ya tumbo kupanda kwenye umio mtu anapolala akiwa ameshiba. Hapo ndipo dawa yako inaponitia wasiwasi. Diklofenaki hupunguza maumivu ya gegedu, lakini ikimezwa kila siku hudhoofisha utando unaolinda tumbo na huweza kuleta vidonda. Tena kwa mtu anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha, huweza kuumiza figo. Inawezekana kabisa kwamba dawa unayoimeza kwa ajili ya maumivu ya mchana inachangia yale ya usiku.

Vijana wengine husikia mchomo mkali wa ghafla karibu na moyo wakiwa wametulia, pumzi ikakatika kwa sekunde chache au dakika moja mbili, kisha yote yakaisha. Huo hauna hatari. Hofu nayo huleta maumivu ya kweli, pamoja na pumzi ya haraka na ganzi vidoleni, na katika mji uliopitia vita na mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021, daktari hana haki ya kumcheka mgonjwa wa namna hiyo. Kwa upande wa mapafu, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda vinadai makohozi yapimwe kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi hapa kwetu huuita SS, asingoje hata siku moja kifua kikimuuma, kwani kwake huenda mapafu yako hatarini.

Sasa moyo wenyewe. Ukali wa maumivu haunisaidii sana. Kinachonisaidia ni kujua yanakuja wakati gani. Je, yanaanza chukudu ikiwa mlimani na kutulia unapopumzika? Umewahi kuzimia ukiwa kazini, au moyo kukimbia bila sababu? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Ulipokuwa mtoto, uliwahi kuvimba viungo kwa zamu, leo goti, kesho kifundo, baada ya kuumwa koo? Swali hili la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri utotoni huweza kuharibu vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu, na vijana wengi hujua baadaye sana, wakati pumzi imeanza kuwaishia kwenye mlima waliouzoea. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne husaidia kuzuia vali zisiharibike zaidi.

Kama umejibu ndiyo hata kwa swali moja, acha kusukuma mizigo na umwone daktari wiki hii, asikilize moyo wako, apime presha na kukufanyia elektrokadiogramu (kipimo cha umeme wa moyo), hata kama kidole kilipata mahali panapouma. Maumivu makali ya ghafla pamoja na pumzi kukatika, kuzimia au kutema damu hayangoji asubuhi.

Kama majibu yote ni hapana, acha diklofenaki leo. Meza parasetamoli gramu moja, mara tatu kwa siku, kwa siku chache, bila pombe. Punguza mzigo kwa wiki tatu, kula angalau saa tatu kabla ya kulala, kisha nenda kituo cha afya ukapimwe hata kama umepata nafuu. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda siku hiyohiyo, na useme ni kwa muda gani umekuwa ukimeza diklofenaki.