Mlango wa Mbao Usioungua: Maswali Yenu Kuhusu Uchawi Ndani ya Gemu

SWALI: Ninatengeneza gemu ya kichawi. Mpira wa moto unachoma mapipa na nyasi, ila wanaonijaribia wanalalamika kwamba mlango wa mbao hauungui. Nikishaurekebisha mlango, wananiletea daraja. Nitamaliza lini?

JIBU: Kwa njia hiyo, humalizi. Umeiandika kanuni ya moto ndani ya pipa, kwa hiyo kila kitu kipya kinazaliwa bila kanuni hiyo mpaka uikumbuke. Ihamishie kwenye maada. Kila kitu kitaje kimetengenezwa kwa nini (mbao, chuma, jiwe, nyasi, maji, nyama), na uchawi usiulize "hili ni pipa?" bali utume nguvu yake tu: moto, barafu, umeme au upepo. Kisha andaa jedwali moja. Nguvu 4 kwa maada 6 ni visanduku 24. Vijaze vyote, hata pale ambapo jibu ni "hakuna kinachotokea". Kisanduku kitupu ndicho kitakachokuletea barua za malalamiko.

Katika gemu ya Breath of the Wild ya mwaka 2017, watengenezaji wake Nintendo walijiwekea kanuni tatu: nguvu hubadilisha maada, nguvu hubadilisha nguvu nyingine, lakini maada haibadilishi maada. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozuia michanganyiko isiyo na mwisho. Na hawakumpendelea mchezaji: radi humfuata aliyeshika chuma, awe adui au yeye mwenyewe.

Jihadhari na mambo mawili. Moto usipowekewa mpaka utaiteketeza ramani nzima. Kipe kila kitu muda wa kuungua, tuseme sekunde 5, na ukague kuenea kila nusu sekunde, si kila fremu (kila picha moja inayochorwa kwenye skrini). Ukikagua kila fremu, kwenye mashine ya fremu 60 kwa sekunde moto utaenea takriban mara mbili ya kasi ya mashine ya fremu 30. La pili ni mlango ambao hadithi inataka ufunguliwe kwa ufunguo. Usiupe mlango wa mbao kinga ya siri. Uchore wa chuma. Hiyo ni kazi ya mchoraji, na mchezaji hatakuwa na cha kuuliza.

SWALI: Bosi wa gemu yangu, yaani adui mkuu, ana kinga dhidi ya uchawi wa kifo cha papo hapo. Mchezaji akimfanya asionekane kwanza, uchawi uleule unamuua. Imekuwaje?

JIBU: Ni mpangilio wa ukaguzi. Gemu ya Final Fantasy VI ya mwaka 1994 ilikuwa na kasoro hiyohiyo: kanuni ya kwamba asiyeonekana hawezi kukwepa uchawi ilisomwa kabla ya kinga, na mabosi wakaanguka kwa zamu mbili. Anza na kinga, kisha hali zinazolazimisha pigo lifike, kisha kukwepa, mwishowe madhara. Baada ya hapo iachie kompyuta ijaribu kila hali kwa kila uchawi. Hali 12 kwa uchawi 30 ni majaribio 360, kazi ya muda mfupi sana kwa mashine.

SWALI: Kwa nini dawa ya kufufua inafanya kazi vitani, lakini mhusika akiuawa kwenye hadithi hakuna anayeitumia?

JIBU: Kwa sababu vita na hadithi huandikwa kama mifumo miwili isiyosomana. Kifo cha Aerith, mhusika anayeuawa kwenye hadithi ya Final Fantasy VII (1997), kingali kinaulizwa hivyo mpaka leo. Tiba ni rahisi, na wengi huipuuza: vitani usiandike "amekufa", andika "amezimia". Dawa iamshe waliozimia tu.

SWALI: Nimeupa uchawi uhakika wa 100%, na bado mara mojamoja unakosa!

JIBU: Bila shaka unachagua namba kati ya 0 na 255, umeandika 100% kuwa 255, halafu unauliza kama namba ni "ndogo kuliko" 255. Ikitoka 255 yenyewe, umekosa: mara 1 kati ya 256. Gemu za kwanza za Pokémon, za mwaka 1996, zilitoka na kosa hilohilo. Chagua 0 hadi 99, linganisha na 100.