Wodi nzima haiwezi kupumua mara 18: ushauri kwa anayeanza kazi ya PCT Marekani

Wabongo wengi tunaofika Marekani huanzia kwenye kazi za kuhudumia wagonjwa, na nyumbani wakisikia hivyo wanasema tunaosha wazee. Sawa, tunaosha. Ila anayeingia hospitali kama PCT akidhani kazi inaishia kwenye beseni na mashuka, wiki haiishi kabla hajachanganyikiwa. PCT (Patient Care Technician) ni msaidizi wa muuguzi aliyeongezewa ujuzi. Anapima presha, anachoma kidole kupima sukari, hospitali nyingi humruhusu kuchukua damu na kupiga ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kwa zamu ya saa 12 ndiye anayekaa karibu na mgonjwa kuliko mtu yeyote. Nesi ana dawa za kugawa na madaktari wa kuwapigia simu. Daktari anapita asubuhi, dakika chache, kaondoka. Wewe ndiye unayejua kwamba baba wa chumba cha mwisho jana alimaliza sahani na leo kasukuma uji pembeni bila kuugusa.

Nikiulizwa cha kujifunza kwanza, huwa nasema hivi: jua kipi cha kuandika tu, na kipi cha kuandika kisha kwenda kukisema. Namba ukishaiingiza kwenye kompyuta imehifadhiwa, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba kuna mtu ameisoma. Nyingi zinaweza kusubiri. Kuna nyingine unaacha kila kitu ulichoshika na kumtafuta nesi umwambie kwa mdomo.

Chukua kupumua. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya moyo ni 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, oksijeni 95 kwenda juu. Mapigo na oksijeni mashine inakupa. Pumzi lazima uzihesabu mwenyewe, na hapo ndipo uvivu unapoingia. Fungua rekodi za wodi nyingi utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 18: mwenye nimonia 18, aliyevunjika nyonga 18, aliyelala fofofo 18. Watu wanabuni. Wewe hesabu dakika nzima, na uhesabu ukiwa bado umemshika mkono kama vile unaendelea na mapigo ya moyo, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi anaanza kupumua vingine.

Usiku mmoja nilikuwa na mzee aliyelazwa kwa nimonia. Presha yake nzuri, joto si baya, oksijeni 93, na ya jioni ilikuwa 94. Kwenye karatasi hana shida kubwa. Nikamuuliza kama anataka maji, akanijibu kwa vipande: neno, pumzi, neno, pumzi. Nikahesabu, 28. Jioni alikuwa 20. Nilimfuata nesi nikamwambia hayo tu: chumba fulani, pumzi zimetoka 20 zimefika 28, hawezi kumaliza sentensi. Alikuja mbio, akaita timu ya dharura, na usiku uleule mzee akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mwili unapoelemewa huongeza pumzi mapema ili oksijeni isishuke, kwa hiyo mashine ya kidoleni inaweza kukuonyesha namba isiyotisha wakati mtu anaishiwa nguvu mbele yako.

Angalia pia namna ya kusema. "Haonekani vizuri" haimsaidii nesi mwenye wagonjwa watano. Mpe ni nani, nini kimebadilika, kimetoka wapi kimefika wapi. Lafudhi yako isikutie hofu. Sema polepole, na namba zirudie.

Sisi tuliotoka nyumbani tuna mtihani mwingine wa vipimo, kwa sababu huku wanatumia vyao. Joto la 100.4 kwao ndiyo 38 yetu, na hapo ni homa. Sukari kule tulizoea kusikia 5.5, huku utasikia 99, na ni kitu kilekile: gawanya kwa 18. Chini ya 70 ni sukari iliyoshuka, yaani 3.9 ya kwetu, na hiyo husubirishi hata kidogo. Kabla ya kuchoma kidole mnawishe mgonjwa mikono. Aliyetoka kumenya chungwa atakupa sukari ya kutisha ambayo iko kwenye ngozi, haiko kwenye damu. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, pale katikati panauma zaidi. Vinywaji vinapimwa kwa aunsi, na aunsi moja ni kama mililita 30. Kikombe cha barafu unakiandika nusu ya ujazo wake, kwa kuwa ikiyeyuka ndicho kinachobaki. Mgonjwa wa moyo mpime uzito asubuhi kwa mzani uleule kabla hajanywa chai. Akiongezeka zaidi ya paundi mbili au tatu kwa siku moja, huo si unene, ni maji yanajaa mwilini, kwa hiyo nenda kaseme.

Kwenye presha, mkanda mdogo kwenye mkono mnene hukupa presha ya juu isiyokuwepo. Na mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu ya mgonjwa wa figo, usiufunge mkanda hata kidogo.

Damu ina nidhamu yake. Chupa zina rangi na rangi zina foleni: kwanza chupa za kuotesha vimelea, kisha bluu, nyekundu au dhahabu, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Wengi wanakariri foleni bila kujua sababu, ndiyo maana wanaisahau. Chupa ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande ambayo ndani yake kuna potasiamu. Ukianza nayo, au ukimimina damu yake kujazia chupa nyingine, maabara watatoa potasiamu ya juu na kalsiamu ya chini, na daktari ataanza kutibu ugonjwa uliotengenezwa na mkono wako. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Lebo bandika palepale kitandani, usibebe chupa zisizo na majina mfukoni kwenda kubandikia kwingine. Na usimuulize mgonjwa "wewe ni Bwana fulani?" Mzee asiyesikia vizuri atakuitikia jina lolote. Mwambie akutajie yeye jina lake na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha na kitambulisho cha mkononi.

Sasa turudi kwenye kuosha, kazi inayodharauliwa. Kule nyumbani kuosha, kulisha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu. Anayeuguza anakuja na chupa ya chai na kanga, analala chini ya kitanda au barazani. Huku ndugu hayupo, ni wewe. Na kwa mtu aliyekuzwa kwa shikamoo, kumvua nguo mzee wa umri wa baba yako si jambo dogo. Kinachosaidia ni utaratibu. Gonga mlango, jitambulishe, muulize anapenda kuitwa nani. Funga pazia. Mfunike taulo, ufunue sehemu moja tu unayoosha. Anza na uso kwa maji bila sabuni, malizia sehemu za siri, kwa mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, na maji ubadilishe. Anayeweza kujiosha uso mwachie ajioshe. Heshima yetu inatusukuma tumfanyie mzee kila kitu, na kwa hilo tunampotezea nguvu kidogo aliyobaki nayo.

Wakati wa kuosha ndipo unapoiona ngozi yote. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa angalau kila baada ya saa mbili, na visigino viachwe vikielea kwa kuweka mto chini ya vigimbi. Vitabu vitakwambia tafuta wekundu juu ya mifupa. Kwa ngozi kama yetu wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia mkono: pale juu ya makalio, nyonga, visigino, gusa kama pana joto kuliko pembeni, pamekakamaa au pamelegea, na uangalie rangi iliyokolea kuelekea zambarau. Wenzako wazungu wanaweza kupapita bila kuona. Hapo jicho lako lina faida, litumie.

Kuhusu kuanguka, nina maoni yangu: wagonjwa wengi hawaanguki kwa ukaidi, wanaanguka kwa sababu wamebanwa mkojo na kengele haijajibiwa. Kila unapopita muulize choo kabla hajakuita. Kitanda kishushwe, soksi za kutoteleza, miwani na kengele viwe karibu na mkono. Ukimpeleka msalani mtu aliyewekewa alama ya hatari ya kuanguka, subiri hapohapo hata akikufukuza.

Mgonjwa mwenye C. diff, bakteria anayeleta kuhara kukali, ukitoka kwake nawa kwa maji na sabuni, maana jeli ya mikono haiui mbegu za yule bakteria. Cheti cha BLS, yaani cha huduma ya kwanza ya kuokoa maisha, unakihuisha kila baada ya miaka miwili. Mgonjwa akizimika na moyo kusimama, bonyeza kitufe cha dharura, weka mikono kifuani, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano au sita. Jiandae kuchoka, na ukichoka sema ubadilishwe.

Usiyoruhusiwa kuyafanya uyajue kama unavyojua jina lako. Hutoi dawa, hata panadoli iliyo kwenye mkoba wa mgonjwa mwenyewe. Huongezi oksijeni. Humwelezi mgonjwa majibu ya vipimo. Humpi maji aliyeambiwa asile wala kunywa, hata binti yake akulilie. Hili ni gumu zaidi kwa waliokuwa manesi au matabibu nyumbani, wanaofanya PCT huku wakisubiri kufanya mtihani wa leseni. Unaona kabisa mgonjwa anahitaji nini na mkono unawasha. Unachokijua kitumie kwenye kuripoti: utaona mapema kuliko wenzako, na utaeleza vizuri kuliko wao. Ukivuka mpaka unaweza kupoteza kazi, na leseni unayoisubiri ikaingia mashakani.

Halafu simu. Sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA, ipo tangu 1996 na haina utani. Picha ya status ukiwa na sare, nyuma yako ubao wenye jina la mgonjwa, umekwisha. Lakini kwetu hatari kubwa ni jumuiya. Mama fulani wa kwenye kundi la WhatsApp kalazwa wodini kwako, na wewe moyo wako safi, unataka watu waende kumpa pole na kumchangia. Usiseme, hata kwa mumeo au mkeo. Yeye au familia yake watangaze wenyewe wakitaka. Ukiulizwa kanisani au msikitini kama umemwona, jibu kwamba mambo ya kazini hayatoki kazini.

Kabla ya kuajiriwa utapimwa kifua kikuu. Sisi wengi tulichanjwa BCG utotoni, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe ukaonekana una maambukizi. Waeleze ulichanjwa na uombe kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG. Chanjo ya homa ya ini B mwajiri anatakiwa akupe bure, ipokee.

Suala la pesa. Hospitali nyingi huanza kwa kudai cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo yasipungue saa 75, kati ya hizo 16 ziwe za vitendo chini ya msimamizi, na baadhi ya majimbo yamepandisha: California ni 160. Zipo shule zinazotoza wageni pesa nyingi kwa kozi hii fupi. Kabla hujatoa hela, tembelea nyumba za kutunzia wazee za mtaani kwako uulize kama wanafundisha. Kituo kinachopokea Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, kikishakuajiri, au kikishakuahidi kazi, hakiruhusiwi kukutoza ada ya mafunzo. Na kama ulishajilipia mwenyewe, ukaajiriwa kwenye kituo cha namna hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize, jimbo linatakiwa liwe na utaratibu wa kukurudishia gharama kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Wachache huambiwa hili siku ya kujaza fomu, kwa hiyo tunza risiti zako na uulize mwenyewe.