Maswali ya Wasomaji: Ghorofa Karibu na Kiwanja cha Ndege

SWALI: Ploti yangu Malindi iko jirani na kiwanja cha ndege, nataka kupandisha ghorofa ya tatu, fundi asema mpaka kibali cha watu wa ndege. Wao yawahusu nini na hati ninayo?

JIBU: Ndugu, ardhi ni yako lakini hewa ya juu ina wenyewe. Kibali cha urefu chatoka KCAA (mamlaka ya usafiri wa ndege ya Kenya), nao hufuata vipimo vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa ndege), Kiambatisho 14, kile cha viwanja vya ndege: viwanja vikubwa ambako rubani hutua kwa kuongozwa na mitambo, kuanzia mita 60 nje ya ncha ya ranwei (njia ya kurukia na kutua ndege), upande ndege zinakotokea kutua, kila mita 50 unazosogea mbali wapata mita 1 tu ya kwenda juu. Na usipime ukuta peke yake, lile tangi la maji juu ya paa lahesabiwa, antena pia, hata mnazi (watu huusahau mnazi wallahi). Omba kabla fundi hajafunga mbao za slabu.