Re: Nimpe muzigo (chumba cha kupanga) mtu mwenye madeni?

Ndugu yangu, huyo mwanaboda aliyekwambia mwenyewe kwamba alishindwa kulipa mkopo wa pikipiki, mimi ningempa. Angalau kasema ukweli. Ila omba barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) wa kule anakotoka na umpigie landilodi wake wa zamani, maana mtu anaweza kushindwa na mkopo na bado kodi analipa. Mimi nilipokea mpangaji mmoja kule Nansana, suti safi, eti hana deni popote, mwezi wa tatu akawa anaingilia nyuma ya choo usiku nisimwone 😂 Halafu andikishaneni kabisa, sheria ya Uganda ya landilodi na wapangaji ya 2022 hairuhusu umfukuze bila oda ya korti, kumfungia mlango kwa kufuli sahau. Na kwa vile anashika hela kila siku, mwambie akutumie kodi kwa mobail mani kila wiki.